Mjomba Alisema Tuna Kasri Wales

Naomba kuanza na swali rahisi. Ukiulizwa unatoka esteti gani, unajibu aje? Mimi nikiwa Nairobi hujibu Umoja. Esteti kwangu ni geti lenye soja anayesinzia, kibanda cha mama mboga, na maji yanayokuja Jumanne usiku wakati kila mtu amelala. Lakini nikienda ushago Kericho, esteti ni kitu kingine kabisa. Ni majani chai mpaka macho yachoke, nyumba za wafanyakazi zilizopangwa kama viberiti, na bodi ya barabarani inayokukumbusha kwamba hapo si kwenu.

Mwaka jana nilijifunza maana ya tatu. Nilijifunza kwa sababu mjomba wangu aliingia kwenye grupu ya familia ya WhatsApp saa tano usiku akaandika kwa herufi kubwa: TUNA KASRI.

Wacha nieleze polepole, maana hata sisi tulichukua muda kuelewa.

Kogo, yaani nyanya yangu mzaa mama, ni Mkipsigis. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1943, lakini hiyo ni hesabu ya karani aliyekuwa na haraka. Kogo ana rangi ya maziwa yenye majani machache, macho ya asali, na masikio yanayosimama kama vishikio vya sufuria. Masikio hayo tumerithi wote. Mimi shuleni nilikuwa naitwa Kombe la Dunia.

Kwetu hakuna aliyewahi kukaa chini na kutuambia ukweli. Tulijua tu. Babake Kogo alikuwa mzungu, fundi wa mitambo kwenye kiwanda kimoja cha chai, na mamake Kogo alikuwa msichana wa kufua na kupika nyumbani kwake. Vita vya pili vya dunia vilipoisha, yule fundi alirudi kwao. Kogo alibaki. Alilelewa na mjomba wa mamake, na utotoni watoto wenzake walimwita lakwet ab chumbindet, mtoto wa mzungu. Hawakumaanisha sifa.

Kuna watu kwenye familia wanaopenda kuiita hadithi ya mapenzi. Mimi neno hilo silitumii. Msichana wa kazi, miaka yake haijulikani vizuri, na bosi mwenye nyumba, mshahara na serikali nyuma yake, mwaka wa 1942. Labda kulikuwa na upole. Labda hakukuwa. Aliyejua alishazikwa, na hatukumuuliza.

Alichoacha ni picha moja. Kogo huiweka kwenye sanduku la bati, chini ya leso na vyeti vya kanisa. Ni kijana amesimama mbele ya ukuta wa mawe, amekunja mikono ya shati, masikio kama yetu. Nyuma ya picha kuna jina lake, na chini yake neno moja na mwaka: Penrhyn, 1936.

Sasa, jina lake la mwisho sitaliandika hapa, kwa sababu kuna watu wako hai na hawakuomba kuwa kontenti yangu. Lakini neno Penrhyn ndilo mjomba aliweka kwenye Google usiku ule. Na jambo la kwanza lililotokea ni ngome.

Manze, hata mimi nilitetemeka. Kasri la Penrhyn liko kaskazini mwa Wales, karibu na mji wa Bangor, upande mmoja bahari, upande mwingine milima ya Eryri. Minara, kuta nene, madirisha ya kuchongwa, yaani kitu ungedhani kimejengwa na wafalme wa miaka elfu moja iliyopita. Kumbe lilijengwa kati ya miaka ya 1820 na 1830 na kitu, na msanifu anayeitwa Thomas Hopper. Ndani kuna kitanda kilichochongwa kwa jiwe la sleti, uzito wake karibu tani moja, na inasemekana Malkia Victoria alipotembelea mwaka 1859 alikikataa. Mimi nikiona hivyo nikawaza, kweli huyu ni babu yetu, maana hata Mjomba hujenga vitu ambavyo hakuna mtu anataka kulala ndani.

Asubuhi grupu ilikuwa imewaka moto. Mjomba tayari alikuwa na mpango. Moja, tudai urithi. Mbili, mamangu na ndugu zake waombe viza ya ukoo. Tatu, mimi ninayejua intaneti nifanye utafiti, bila malipo, kwa sababu ni damu.

Viza ilikufa kwanza. Ni kweli Uingereza ina viza ya ukoo kwa raia wa nchi za Jumuiya ya Madola ambao babu au nyanya yao alizaliwa huko. Mama angeingia hapo. Mimi kitukuu siingii hata kwa maombi. Lakini lazima uonyeshe vyeti vinavyokuunganisha hatua kwa hatua, na pale ambapo cheti cha Kogo kingetaja babake, hakuna cheti. Hakuna. Serikali ya koloni ilihesabu magunia ya chai yote, lakini mtoto aliyezaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi haikumhitaji kwenye karatasi.

Urithi ulikufa wa pili. Nilimwambia Mjomba kwamba hata wenye kasri wenyewe hawalimiliki tena. Mwaka 1951 lilienda kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale, kwa sababu familia ilidaiwa kodi ya urithi. Siku hizi ukitaka kuingia unalipa tiketi. Mjomba alinyamaza siku mbili. Halafu akauliza kama ukiwa wa familia unapunguziwa.

Lakini Kogo hakuwa ameuliza kuhusu viza wala kasri. Siku nilipoenda kupiga picha ile picha, alinishika mkono akasema kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Mimi sitaki kitu chao. Nataka kujua kama nina watu."

Hapo ndipo nikaacha mchezo.

Shida ya kwanza ya kutafuta mtu Wales ni majina. Wasee, majina yao ya ukoo ni machache sana. Jones, Williams, Davies, Evans, Thomas, Roberts. Ni kama mtu wa Wales aje Kenya akuambie, "Natafuta Kamau, alikuwa Kiambu." Sababu yake ilinifanya nicheke peke yangu kwenye matatu. Zamani Wales hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina la babake, na katikati wanaweka neno ap, au ab kama jina linaanza na irabu, maana yake mwana wa. Rhys akizaa Dafydd, mtoto ni Dafydd ap Rhys. Halafu Waingereza wakaleta mtindo wao wa majina ya kudumu, na ap ikamezwa: ap Rhys ikawa Price, ap Hywel ikawa Powell, ap Harri ikawa Parry, ab Ifan ikawa Bevan. Wengine wakaongeza herufi s tu nyuma ya jina la baba, wakawa Williams na Roberts.

Sasa mtu wa Kericho yeyote anayesoma hapa ameshaona. Arap. Arap Koech, arap Ngeno. Na lile tusi la utotoni la Kogo, lakwet ab chumbindet, lina ab hapo katikati inayofanya kazi ya neno la Kiswahili "wa". Lugha hizi hazina undugu wowote, ni bahati tu, tusije tukaanzisha nadharia za TikTok. Lakini nilipomweleza Kogo, alicheka mpaka akatoa machozi. "Kwa hivyo walikuwa wananiita kwa lugha zote mbili."

Tena kuna kitu kingine. Karne ya 12, padri mmoja aliyeitwa Gerald wa Wales aliandika kwamba hata mtu wa kawaida kabisa huko alijua majina ya babu zake kwa kichwa, vizazi sita au saba au zaidi. Haikuwa sifa ya bure. Chini ya sheria zao za zamani, ardhi iligawanywa kwa wana wote, kwa hivyo kujua ukoo wako ndiyo ilikuwa taitoli yako. Usipojua babu ya babu yako, shamba limeenda. Baadaye, miaka ya 1536 na 1543, sheria za Uingereza zikachukua nafasi, mwana wa kwanza akawa anarithi yote, na esteti kubwa zikaanza kumeza ndogo. Watu waliokuwa na ukoo mrefu wakabaki na ukoo, bila shamba.

Shida ya pili ni neno Penrhyn lenyewe. Maana yake ni rasi tu, ardhi iliyojitokeza baharini, na Wales imejaa Penrhyn. Nilipoteza wiki tatu kwenye kijiji ambacho si chenyewe.

Kilichotutoa ni mate. Binamu yangu ni nesi Uingereza, alipokuja Desemba alibeba kifaa cha kupima DNA. Kama unataka kufanya hivi, pima mzee zaidi aliye hai kwanza, usijipime wewe. Kogo amebeba nusu ya babake. Mimi nimebeba kama moja ya nane tu, na kila kizazi kinapunguza. Kogo alitema kwenye kichupa kwa heshima zote, kama anachukua komunyo, halafu akauliza kama wazungu wakipata mate ya mtu wanaweza kumroga.

Matokeo yalikuja baada ya wiki nyingi. Kulikuwa na jina moja juu kabisa, karibu sana kiasi kwamba programu ilikadiria ni binamu wa kwanza. Mzee wa miaka themanini na kitu, anaishi karibu na mji mdogo unaoitwa Bethesda, maili chache kutoka kwenye kasri. Akaunti yake ilikuwa inaendeshwa na binti yake. Niliandika ujumbe mara kumi na moja nikifuta. Mwishoni niliandika tu: Hujambo, nadhani nyanya yangu ni mtoto wa ndugu ya babu yako, na nimeambatanisha picha.

Alijibu baada ya siku nne. Sentensi ya kwanza ilikuwa: Masikio hayo nayajua.

Basi ukweli wa kasri ukaanza kutoka, na si ule Mjomba alitaka.

Familia yao ilitoka Penrhyn kweli. Lakini kutoka Penrhyn haikumaanisha kukaa kasrini. Ilimaanisha kukaa kwenye ardhi ya mwenye kasri, kama karibu kila mtu sehemu hizo. Hii esteti ilifikia karibu ekari 72,000. Wao walikuwa wapangaji. Walikodi kishamba kidogo cha kondoo na ng'ombe wawili watatu, na wanaume walishinda kwenye machimbo ya mawe ya sleti yaliyokuwa ya bwana yule yule. Unachimba jiwe la bosi, unalala kwa nyumba ya bosi, unalipa kodi kwa bosi. Ule ukuta nyuma ya kijana kwenye picha haukuwa wa ngome. Ulikuwa wa zizi.

Kericho, mnasikia vizuri?

Na bosi hakuwa wa mchezo. Mwaka 1868 huko Wales, kabla kura haijawa ya siri, kuna wapangaji walifukuzwa mashambani kwa sababu tu walipiga kura kinyume na mwenye ardhi. Na pale Penrhyn kwenyewe, Novemba 1900, wachimbaji karibu 2,800 waligoma wakitaka bwana atambue chama chao. Alikataa. Mgomo ulidumu miaka mitatu, mpaka Novemba 1903. Kwaya za wachimbaji zilizunguka Uingereza zikiimba ili zipate pesa za unga. Waliovumilia waliweka karatasi dirishani zilizosema nyumba hii haina msaliti, na waliorudi kazini walikuwa hawana karatasi, kwa hivyo kila mtu alijua. Binti wa yule mzee aliniambia kuna familia ambazo hazikusalimiana kwa vizazi. Mgomo ulishindwa. Wengi hawakuandikwa tena, wakaenda kusini kuchimba makaa ya mawe.

Babake yule fundi, yaani babu ya Kogo, alikuwa mmoja wa waliogoma. Alienda kusini, akarudi baada ya miaka, akakodi kishamba tena kwenye ardhi ya watu wale wale, kwa sababu ungeenda wapi. Mwanawe akajifunza ufundi wa mitambo kwenye karakana. Halafu akaona tangazo la kazi Kenya.

Hapa ndipo nilikwama kuandika kwa miezi miwili. Kwa sababu unajua Kericho ni nini. Ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis, watu wakahamishwa ndipo chai ikapandwa. Ukoo wa Talai, mwaka 1934, ulitungiwa sheria yake maalum na kubebwa wote mpaka Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Kwa hivyo mtoto wa mtu aliyeonewa na esteti alivuka bahari akaja kuwa mtu wa esteti. Mjukuu wa wapangaji akapewa nyumba yenye mfanyakazi. Nilitaka kumchukia ikashindikana, nikataka kumhurumia pia ikashindikana. Nimeamua kuyabeba yote mawili, ni mazito lakini ni yangu.

Na bado sijamaliza, kwa sababu kasri lenyewe lilijengwa na nini? Sukari. Ukoo wa Pennant ulikuwa na mashamba ya miwa Jamaica, na watumwa Waafrika mamia. Richard Pennant, bwana wa kwanza wa Penrhyn, aliyaendesha kwa barua tu bila kukanyaga huko, na bungeni alipinga kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Pesa ya miwa ikafungua machimbo ya sleti, barabara na bandari. Utumwa ulipokomeshwa kwa sheria ya 1833, serikali iliwalipa fidia wenye watumwa, si watumwa. Mrithi wake, George Hay Dawkins-Pennant, alipata pauni 14,683 kwa watu 764. Watu 764 hawakupata hata shilingi. Fidia zote ziligharimu serikali pauni milioni 20, zikalipwa kwa mkopo ambao walipakodi wa Uingereza walimaliza kuulipa 2015. Elfu mbili na kumi na tano. Mimi nilikuwa tayari nina simu.

Nilimpigia Mjomba nikamweleza hayo yote. Nikamwambia, hata kama tungekuwa wa kasri, hizo ndizo pesa tungerithi. Alikaa kimya, kisha akasema, "Basi afadhali zizi." Nampenda Mjomba.

Lakini kuna kitu kiliniuma zaidi ya kasri. Upande wa Wales, nilipata watu wetu kirahisi mno. Maktaba ya Taifa ya Wales iko Aberystwyth, imeweka mtandaoni bure wosia za zamani za kabla ya 1858, ramani za mashamba za miaka ya 1840, na magazeti mpaka 1919. Kuna sensa kila miaka kumi kuanzia 1841 zenye majina ya watu. Rejista za kanisa zinarudi nyuma zaidi. Karatasi za esteti ya Penrhyn ziko Chuo Kikuu cha Bangor, na binti wa yule mzee alienda mwenyewe akanipigia picha ukurasa wa daftari la kodi. Ilikuwa pale, kwa mwandiko wa karani, jina la babu ya babu ya Kogo, jina la kishamba, na alichodaiwa. Masikini kabisa, lakini ameandikwa. Bwana aliwaandika kwa sababu aliwadai, sawa, lakini waliandikwa.

Halafu nikageukia upande wa mamake Kogo. Sensa hakuna. Cheti hakuna. Kipande kilikuwa cha wanaume. Kwenye vitabu vya chai labda alikuwa mstari mmoja, "mtumishi wa nyumba", au hata hilo hapana. Huyu ndiye aliyenyonyesha, akabeba mtoto mgongoni akivumilia midomo ya watu, akaficha ile picha miaka yote. Na hakuna mahali popote duniani jina lake lilikuwa limeandikwa. Kwa familia ya mtu aliyeondoka nina vizazi saba. Kwa mwanamke aliyebaki nina kile tu Kogo anakumbuka.

Februari tulipiga simu ya video. Kogo alivaa kitambaa kipya na lesso ya Pasaka. Upande ule alikuwa mzee na binti yake. Mzee lugha yake ya kwanza ni Kiwelisi, kwa hivyo Kogo alisema kwa Kipsigis, mama akageuza Kiswahili, mimi nikageuza Kiingereza, binti akamnong'onezea babake Kiwelisi. Lugha nne, bando moja.

Walitazamana tu kwanza. Halafu mzee akashika masikio yake mwenyewe kwa mikono miwili, akayavuta. Kogo akafanya vivyo hivyo. Sote tulikufa kucheka.

Mzee alieleza kwamba ami yake, yule fundi, alirudi 1946, hakuoa, hakuongea sana kuhusu Kenya, akafa miaka ya sabini. Hakuwahi kumtaja mtoto. Alilisema polepole, akaomba radhi kana kwamba ni kosa lake. Kisha binti akasema kuna kitu kimoja aliacha, wamekiweka juu ya meko miaka yote wakidhani ni pambo. Akakileta mbele ya kamera.

Ilikuwa sotet. Kibuyu cha mursik, na kifuniko chake, na shanga ukosini zikiwa zimebaki chache.

Kogo alisogea karibu na simu mpaka tukaona pua tu upande wetu. Alikitazama muda mrefu. Kisha akasema, "Hicho hakiuzwi. Hicho mtu hupewa." Tukanyamaza. Nikafikiri atalia. Akaongeza, "Akaondoka na maziwa, akaacha mtoto."

Sijui nilitafsiri vipi. Nilitafsiri tu. Mzee aliinamisha kichwa.

Ninajua mnataka nikuambieni kibuyu kinathibitisha mapenzi. Hakithibitishi. Msichana wa kazi anaweza kumpa bosi zawadi kwa sababu kumi. Kinathibitisha tu kwamba hakukitupa, na kwamba kuna mikono ya mwanamke wa Kericho iliyokuwa imekaa juu ya meko ya Wales zaidi ya miaka sabini bila jina.

Kogo alikuwa na swali moja. Hakuuliza kama babake alimpenda. Aliuliza, "Mamake aliitwa nani?" Mzee akataja jina la nyanya yake. Kogo akalirudia mara tatu mpaka likakaa mdomoni vizuri. Akasema, "Basi na mimi nilikuwa na kogo."

Kabla hatujakata, binti alisema wako tayari kutuma kile kibuyu Kericho, ni cha kwetu. Mama akaanza kushukuru. Kogo akamkatiza. Alisema kikae hapo hapo, kimeshazoea baridi. Lakini wasikiite pambo tena. Waandike jina la aliyekitengeneza, wakiweke na jina lake.

Akalitaja jina la mamake, herufi kwa herufi, mimi nikiandika kwenye chat. Wiki iliyofuata binti alituma picha. Juu ya meko, sotet, na mbele yake kadi nyeupe. Juu kuna jina la mamake Kogo. Chini yake, kwa Kiwelisi na Kipsigis, maneno ambayo Kogo aliyachagua: alikuwa wa Kericho, alikuwa na mtoto.

Mjomba aliifanya kuwa picha ya grupu. Jina la grupu bado ni Kasri.

Sasa wewe. Najua wengi wenu hamna Mwelisi kwenye sanduku, na hiyo si hoja. Una mtu wa miaka themanini mahali fulani ambaye ndiye rejista pekee mliyo nayo, haina nakala, na kila msimu wa baridi inakohoa. Wikendi hii usiende kumwomba pesa ya nauli. Weka simu mezani, bonyeza rekodi, muulize swali la Kogo. Mamake aliitwa nani? Na mama wa huyo? Andika. Usingoje mtu aliyewadai awaandike kwanza.